Manahodha Tunao Wengi. Nani Atashika Maji?

Wasee, tuseme kesho kutwa kuna chombo cha anga kinang'oa nanga hapa Thika Road. Kinaenda mbali, mbali kuliko mwezi, safari ya karibu miaka mitatu kwenda na kurudi. Nafasi ni chache. Wewe ungeomba kazi gani?

Hili swali nimeuliza watu wengi, kuanzia mabeshte wangu wa Kimbo hadi binamu zangu wa Makongeni kule Thika. Jibu ni lile lile: nahodha. Mmoja alisema rubani. Mwingine akasema yeye atakuwa wa kuchukua video, na huyo nilimwelewa sana kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema atashughulika na maji. Hakuna aliyetaja hewa. Choo ndiyo usiseme.

Manze, hicho chombo hakiwezi kufika hata Mwezini.

Wengi tumejua mambo ya idara za chombo kupitia vipindi, so tuanze hapo. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966. Watengenezaji wake walifanya kitu rahisi tu: walivalisha wafanyakazi wa chombo mashati ya rangi kulingana na idara. Rangi ya dhahabu ni uongozi na usukani. Buluu ni sayansi na matibabu. Nyekundu ni uhandisi, usalama na mawasiliano. Ukiona shati unajua huyu nimwendee na shida gani. Ni kama steji ya Ruiru. Hakuna mtu hukuonyesha dere ni nani, konda ni nani, na yule wa kupigia abiria kelele ni nani. Unajua tu.

Sasa sikia hii. Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho aliitwa Uhura. Jina lake lilitolewa kwa neno letu, uhuru. Aliigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa bado wanapigania haki zao barabarani. Yaani Kiswahili kilipata kiti kwenye chombo cha anga kabla binadamu yeyote hajakanyaga Mwezi, na kiti chenyewe kilikuwa cha yule anayekaa na kifaa sikioni akisikiliza nani anaita. Mwaka wa 1977 NASA ilimchukua Nichols asaidie kutafuta wanawake na watu weusi wa kuwa wanaanga. Kiti cha pembeni kilifungulia wengi mlango.

"Hiyo ni ya TV," utaniambia. Sawa, tuje kwa ya ukweli.

Tarehe 25 Juni 2023, watu wanne waliingia kwenye nyumba iliyojengwa kwa mashine ya kuchapisha ya 3D, ndani ya kituo cha NASA cha Johnson, Houston. Wakafungiwa humo siku 378 wakiishi kama wako Mars. Walitoka 6 Julai 2024. Kelly Haston alikuwa kamanda. Ross Brockwell alikuwa mhandisi wa safari. Nathan Jones alikuwa afisa wa matibabu, na Anca Selariu afisa wa sayansi. Piga hesabu: watu wanne, kamanda mmoja. Na huyo kamanda hakuwa anakaa tu akitoa amri. Wote walipanda mboga, wakatengeneza vitu vilivyoharibika, wakasafisha kwao.

Tena mawasiliano yao yalicheleweshwa makusudi, kwa sababu ujumbe kutoka Mars unaweza kuchukua hadi dakika kama 22 kufika Dunia. Jibu nalo lichukue zingine 22 kurudi. Fikiria bomba limepasuka, maji yanamwagika, na wewe unangoja dakika 44 uambiwe ni wapi pa kufunga. Ndiyo maana fundi lazima awe ndani ya chombo. Huwezi kumpigia simu akakuambia "niko hapa Toll, nafika saa hii."

Sasa tuje kwa idara ambayo hakuna mtu huomba.

Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, kumekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000. Siku hizi huwa saba hivi. Huko hakuna mto wala kisima, na kubeba maji kutoka chini ni ghali vibaya. Kwa hivyo jasho lao, unyevu wa pumzi zao na mkojo wao hukusanywa, husafishwa na kunywewa tena. Mwaka wa 2023 NASA ilitangaza kwamba mitambo hiyo imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Ukinywa lita moja leo, karibu yote utaikunywa tena. Unaweza kusema "eeww", lakini bila hiyo hakuna mtu anaenda Mars.

Mei 2008 choo cha huko kiliharibika. Si utani. Pampu nyingine ililetwa kutoka Urusi hadi Florida, ikapakiwa kwenye chombo cha Discovery, ikapelekwa juu. Aliyeifunga ni Oleg Kononenko, mhandisi wa safari. Mkumbuke huyo, kwa sababu Juni 2024 akawa binadamu wa kwanza kufikisha jumla ya siku 1,000 angani. Siku elfu moja. Na kati ya vitu alivyofanya huko juu, alitengeneza choo, na watu wakashukuru.

Mtu wa Ruiru hahitaji kuelezwa sana mambo ya maji. Nyuma ya milango yetu kuna mitungi ya lita 20 imepangwa kama askari. Mwaka jana pampu ya ploti yetu hapa Kihunguro ilizima. Sisi tuko orofa ya nne. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tukaanza kuoga nusu ndoo. Siku ya tatu majirani waliokuwa wanasalimiana vizuri wakaanza kutoleana macho kwa ngazi, kila mtu akishuku mwenzake ndiye amechota ndoo yake. Jioni ya siku ya nne keteka akaleta fundi, mzee mmoja mwenye begi la turubai. Alisikiliza pampu ikiunguruma, akasema, "Inazunguka lakini haivuti." Akafungua bomba linaloingia kwa tangi la chini, akatoa valvu ya mwisho, ilikuwa imekwamwa na mchanga haifungi. Akaiosha, akairudisha, akajaza bomba maji kwanza, akawasha. Dakika arobaini. Wamama walimpigia makofi hadi akaona haya.

Kwa siku nne, jengo zima lenye walimu, watu wa benki, boda na sisi wa kushika simu, hakuna aliyejua mahali pa kushika. Tungekuwa angani, tungekuwa tumekufa.

Nasema haya yote kwa sababu ya mdogo wangu.

Matokeo ya KCSE yalipotoka alikuwa na D+. Wiki hiyo nyumba ilikuwa kimya kama kuna matanga. Mathe alikuwa anapika bila kuimba. Ankoo wetu alikuja kutoka Thika Jumapili, akala, akakunywa chai, akasema kwa sauti ya huruma iliyouma kuliko matusi, "Basi atafutiwe hata ka-kozi ka mabomba, asikae tu." Hiyo "hata" ndiyo ilinichoma. Mdogo wangu akaangalia sahani yake. Huyu ni kijana ambaye tangu darasa la sita akisikia bomba linavuja hawezi kulala, anaamka saa tano usiku kulifunga na raba ya tyubu ya baiskeli. Siku ile ya pampu alimshikia yule mzee tochi dakika zote arobaini, na usiku akanichorea kwa daftari vile maji hupanda hadi kwa tangi la juu.

Kumbe kozi anayoipenda imekuwa jina la adhabu. Ameanza kusema hataki kwenda. Si kwamba hataki mabomba, hataki kuonekana akienda.

Ankoo, najua huwa unasoma hapa. Kwa heshima zote: chombo kikitoka leo, huyo kijana anapata kiti kabla yangu na kabla yako.

Na hata mahali tunaita "ubongo", mambo ni ya mikono. Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipuka ndani ya Apollo 13, likiwa njiani kwenda Mwezini. Wale watatu wakahamia kwenye chombo kidogo cha kutua, na hewa chafu ya kaboni dioksidi ikaanza kupanda. Vichujio walivyobaki navyo vilikuwa vya mraba, na nafasi zake zilikuwa za mviringo. Wahandisi waliokuwa chini Houston wakakusanya vitu ambavyo wanaanga walikuwa navyo huko juu: mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, utepe wa gundi. Wakaunganisha, wakajaribu, halafu wakawasomea wanaanga hatua moja moja kwa redio. Ikashika, na wote watatu wakarudi hai. Hiyo kazi ukiipeleka Gikomba au gereji yoyote ya Thika, watakuambia ni jua kali, na watakuwa wamesema ukweli.

Halafu kuna idara kubwa kuliko zote, ile isiyotoka ardhini. Safari za Apollo zilifanyiwa kazi na watu kama 400,000. Waliokanyaga Mwezi ni 12. Na Kenya tuko kwenye idara hiyo zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi ilirusha setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Aliyesimamia mradi huo NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuwa ilirushwa Jamhuri Dei, na kwa heshima ya Wakenya waliowapokea, setilaiti ikaitwa Uhuru. Jina letu tena, na tena si kwenye kiti cha nahodha. Hii mara ilikuwa jicho.

Na usidhani mambo haya yaliishia Malindi. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kuna wanafunzi wa JKUAT wenye mradi unaoitwa Nakuja, wanaounda na kurusha roketi ndogo. Roketi ndogo nayo haina mtu ndani, kwa hivyo nahodha hakuna. Kuna wa bodi, wa fueli, wa vifaa vya umeme na wa mwavuli wa kuirudisha chini polepole. Mwavuli ukikataa kufunguka, kazi ya wale wengine wote inagonga shamba la mtu.

Najua mtaniuliza, "Sasa unasema watu wasisome sana?" Hapana. Somea udaktari, somea urubani, enda hadi mwisho. Nahodha ni muhimu, kuna siku mtu mmoja lazima aamue. Na siwezi kuwadanganya kwamba kila fundi analipwa vizuri. Yule mzee wa pampu alilipwa elfu moja mia tano, na bado kuna mtu alijaribu kumshusha hadi elfu moja. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Tunalipa kazi kulingana na vile inaonekana kwa picha, halafu bomba likikauka ndiyo tunakumbuka nani ametuweka hai.

Kwa hivyo, wewe uliye nyumbani ukingoja kuamua kozi, usijiulize utaitwa nani. Jiulize ni kitu gani kikiharibika wewe huwezi kulala. Kama ni sauti, kuna idara ya mawasiliano. Kama ni mtu akiugua, kuna matibabu. Kama ni mboga za gunia zikikauka kwa balkoni, kuna chakula, na wanaanga walianza kula letusi waliyoikuza ISS Agosti 2015. Kama ni maji, mungu wangu, tafadhali enda haraka, tunakungoja orofa ya nne.

Na wewe uliye na mdogo wako ama mtoto wa D+ hapo nyumbani, toa hiyo "hata" kwa sentensi. Sema tu: anaenda kusomea mabomba. Nukta.

Wangu anafaa kuripoti Jumatatu, huko Thika. Nimemnunulia spana yake ya kwanza, ameiweka chini ya mto. Hajasema ataenda. Lakini jana usiku nilimsikia jikoni, anafungua bomba, anafunga, anafungua tena, anasikiliza.