Sanduku la Chini ya Kitanda

Kama kwenu kuna chukudu, usicheke lile sanduku la baba chini ya kitanda. Mbao za mkaratusi hapa Goma zinapatikana. Rulema nzima ndiyo taabu. Na breki je? Si ni kipande tu cha mpira wa gari, kinakanyagwa juu ya gurudumu la nyuma! Mawe makali ya Nyiragongo, kama yale yaliyofunika mitaa Januari 2002, yanakula mpira haraka. Ukikatika kwenye mteremko wa kutoka Kibumba, na magunia ya viazi juu, mbele kuna mama na mtoto mgongoni.

Jirani akikwama usiku, mgawie misumari, hata rulema. Mpira wa breki usiuze, hata karo ikikosekana. Mama akinung'unika juu ya nafasi, mwonyeshe ule uliokwisha.