Jinsi Nilivyojifunza Kutazama kwa Macho ya Roboti

Katika mambo niliyojifunza chuoni, moja lilinitia haya kuliko mengine yote, nalo nalijifunza mbele ya kioo cha kompyuta. Siku hizo tulikuwa vijana wanne, tukiunda roboti ndogo ya magurudumu mawili iliyoweza kujiendea chumbani bila ya kuongozwa na mtu. Kimo chake kilifika magotini, na juu yake tulikusudia kuweka sinia ili iwachukulie wageni maji ya kunywa. Macho yake yalikuwa kifaa cha leza, kidogo kama kikombe cha chai, kilichozunguka mara tano kila sekunde huku kikitupa mwali wa nuru usioonekana kwa macho ya mwanadamu. Mwali ule ukigonga ukuta au mguu wa kiti hurudi, na kifaa hupima umbali wa kitu kilichogongwa. Kila mzunguko ulileta vipimo 360.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: hizo ni namba 1,800 katika sekunde moja, wala hapana mtu awezaye kuzisoma zikapata maana kichwani mwake. Kwa sababu hiyo mafundi wa roboti hutumia programu ya kugeuza namba kuwa picha. Sisi tulitumia iitwayo RViz. Ni sehemu ya ROS, mfumo wa programu za roboti ulioanza kutengenezwa mwaka 2007 na kukuzwa katika maabara ya Willow Garage, huko California katika nchi ya Marekani. Maabara ile ilikwisha kufungwa, lakini mfumo wenyewe hutolewa bure, na ndiyo maana uliweza kufika mikononi mwa vijana wasio na fedha kama sisi.

Nilipoifungua programu hiyo mara ya kwanza niliona uwanja wa giza uliochorwa miraba, kumi kwa kumi, kila mraba ukiwa na upande wa mita moja. Kushoto palikuwa na orodha ya mambo ya kuonyeshwa. Kulia palikuwa na mahali pa kuchagua upande wa kutazamia. Chini palikuwa na saa. Hapakuwa na roboti, wala ukuta, wala kiti. Jambo pekee lililonivuta jicho lilikuwa maandishi mekundu katika ile orodha ya kushoto, nami, kwa kiburi cha ujana, sikuyasoma. Nilibonyeza hapa na pale kama kuku apekuaye jaa. Niliongeza leza katika orodha, nikaiondoa, nikaiongeza tena. Saa mbili zilipita nisione hata nukta moja.

Mwalimu wetu alipopita aliniuliza, "Maandishi hayo yanasemaje?" Nikamjibu kwamba ni makosa tu. "Makosa yapi?" akauliza, kisha akaenda zake.

Niliposhuka kutoka katika kiburi changu na kuyasoma, niliona kwamba yalikuwa yakinieleza jambo la maana. Kila kipimo lazima kipimwe kutoka mahali fulani. Abiria aliyeketi ndani ya gari moshi liendalo Mombasa huona miti ikikimbia kwenda nyuma, naye amekaa kimya kitini; mtu aliyesimama kando ya reli huona miti imetulia na gari moshi likimbia. Wote wawili husema kweli, ila kila mmoja ana mahali pake alipopachagua kuwa hapaendi popote. RViz nayo hutaka iambiwe mahali hapo, na yenyewe huanza kwa kudhani kwamba ni ramani. Sisi hatukuwa na ramani yoyote. Programu ilikuwa inatafuta kitu kisichokuwapo, na kwa uaminifu wake ilikuwa ikiniambia hivyo kwa rangi nyekundu tangu asubuhi.

Nililifuta neno la ramani nikaandika base_link, jina ambalo mafundi hukipa kiwiliwili cha roboti. Mara ile nukta zikajitokeza, ndogo mno, nikazikuza mpaka zikawa kama punje za mtama. Nikauona ukuta wa dirishani, miguu minne ya meza, na mlango ulioachwa wazi. Mwenzangu mmoja alipopita mbele ya roboti, vijichungu viwili vya nukta vilipita pamoja naye: ndiyo miguu yake. Nilicheka peke yangu. Katika orodha, mahali palipokuwa pekundu, sasa paliandikwa kwamba mambo yote ni sawa. Neno hilo ndilo lililonidanganya baadaye, au tuseme nalijidanganya mwenyewe kwa neno hilo.

Sinia lilipoletwa tuliona kwamba halina nafasi, kwa kuwa leza ilikaa mahali pake pale juu. Kazi ya vyuma ilikuwa yangu. Niliifungua leza, nikaining'iniza chini ya ubao wa juu, kichwa kikielekea sakafuni, nikaza skurubu nne, nikaridhika. Tuliijaribu roboti katika ukumbi mrefu ulio mwembamba. Kwenye kioo niliona kuta mbili, moja kushoto na moja kulia, zimenyooka vizuri. Orodha ilisema sawa. Nikasema sawa.

Siku ya wageni roboti iliingia chumbani ikichukua bilauri nne. Ilikwenda kwa adabu mpaka ilipokaribia kiti kilichokuwa kushoto kwake. Hapo, badala ya kukikwepa, ilikigeukia ikakigonga. Bilauri tatu zilivunjika, na maji yakamwagika juu ya viatu vya mgeni mmoja. Programu ya kukwepa vizuizi iliandikwa na mdogo wetu katika kundi, kijana mpole mwenye maneno machache. Kabla vigae havijazolewa nilisema mbele ya watu wote kwamba programu yake ni mbovu na kwamba nilimwonya. Sikuwa nimemwonya. Yeye aliinama akaokota vigae. Juma lililofuata hakuja karakanani, na lililofuata hilo pia hakuja.

Roboti zetu huandika kumbukumbu ya kila walichokiona na kila walichokitenda safarini, na kumbukumbu hiyo huweza kuchezwa tena mbele ya RViz kama filamu. Usiku mmoja niliifungua ya siku ile, nikitafuta, nakiri, ushahidi wa kosa la mwenzangu. Niliiona roboti ikienda. Nilikiona kile kiti kikitokea, miguu yake minne, lakini kilikuwa upande wa kulia. Roboti ikageuka kushoto, mahali palipoonekana peupe, kama ipasavyo kabisa. Kisha picha ikasimama.

Niliicheza mara nne. Mara ya tano nilipata baridi ya mwili, kwa maana nilikumbuka kiti kilikuwa upande gani.

Nikawasha taa ya karakana, nikaiweka roboti sakafuni, nikaunyosha mguu wangu ubavuni mwake wa kushoto. Kwenye kioo nukta zilijikusanya kulia. Leza niliyoining'iniza kichwa chini ilibadilisha kushoto kuwa kulia, nami sikuandika mageuzi hayo katika maelezo ya umbo la roboti, ambamo programu husoma kila kiungo kimekaaje. Mbele ilibaki mbele, na nyuma ilibaki nyuma. Katika ule ukumbi kuta mbili zilifanana, kwa hiyo picha iliyopinduliwa na picha ya kweli zilikuwa picha moja. Na lile neno "sawa"? Lilikuwa na maana kwamba vipimo vimefika na fremu yake imepatikana. Kama vipimo hivyo ni vya kweli, RViz haikusema, wala haina njia ya kujua. Inaonyesha kile ambacho roboti inakiamini. Kuchungulia nje ya kioo na kulinganisha ilikuwa kazi yangu, nami sikuifanya.

Matengenezo yalikuwa namba moja: 3.14, yaani nusu ya mzunguko kwa hesabu ya radiani. Kisha nikachagua fremu iitwayo odom, ambayo hupimwa kwa mwendo wa magurudumu tangu roboti ilipowashwa, nikaiambia programu isifute nukta za zamani upesi, nikaizungusha roboti mahali pamoja. Katika fremu hiyo kuta hazina budi kusimama, na nukta mpya kuangukia juu ya zile za kale. Zilisimama. Kwa kutaka kujua nilirudisha namba ya zamani nikaizungusha tena, na chumba kizima kikapeperuka kama feni. Dakika mbili za jaribio hilo zingetosha kabla ya siku ya wageni.

Asubuhi nilikwenda bwenini kwa yule ndugu yetu. Nilimkuta akifua. Nikamwambia habari yote nikiwa nimesimama, na kwamba kosa lilikuwa la mikono yangu. Alikamua shati mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Kaka," akasema, "programu ile niliisoma mara tisa. Nilianza kudhani sijui kusoma."

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba aje karakanani aone kwa macho yake, naye akaja, shati likiwa bado mkononi. Niliirudisha tena namba ya zamani nikamwambia anyoshe mguu kushoto kwa roboti. Alitazama kioo, akautazama mguu, akatazama kioo tena. Kisha akauliza kama wenzetu wawili wamekwisha kuambiwa. Nikasema bado.

"Basi twende," akasema. "Saa hizi wako mkahawani."