Siku Niliyomtembeza Babu Kampala

Likizo iliyopita babu yangu alikuja kututazama kutoka shamba, upande wa Masaka. Baba akaniagiza nimtembeze mjini. Kusema kweli sikufurahi. Babu alivaa kanzu yake kuukuu na kushika fimbo, nami niliogopa kuonwa na wenzangu wa shule. Kwa hiyo nilitembea mbele yake kidogo, kama mtu asiyemjua.

Tulianza Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2008. Kutoka juu ya mnara mgeni huuona mji wote: kanisa kuu la Namirembe, kanisa kuu la Rubaga na msikiti wa Kibuli, kila moja juu ya kilima chake. Babu hakuziweza ngazi. Akaniambia, "Panda wewe, mjukuu wangu, kisha unihadithie." Nikapanda, nikashuka, nikamhadithia maneno mawili tu.

Halafu tukaenda Kasubi, walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Nyumba kubwa ya makaburi iliteketea kwa moto mwaka 2010, ikajengwa upya. Tuliitazama kwa nje. Mzee mmoja wa pale akatueleza kwamba ndani, chini ya paa, mna pete 52, nazo ni alama ya koo 52 za Baganda. Tena akasema kuezeka nyasi za nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, wala hawaruhusiwi wengine.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, kijana, u wa ukoo gani?"

Nikajibu upesi, lakini sauti ilikuwa ndogo: "Ngeye."

Yule mzee akacheka kwa furaha, akamshika babu mkono. Wakakaa kivulini wakizungumza habari za nyasi, jinsi zinavyochaguliwa na kufungwa, nami nikasikiliza kama mgeni. Nilikuwa nimepita njia ile mara nyingi, wala sikujua kuwa paa lile ni kazi ya watu wangu.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wakati wa kurudi nilitembea kando ya babu, nikamchukulia fimbo yake alipopanda basi. Na usiku ule nilimhadithia upya yote niliyoyaona kutoka juu ya mnara, kilima kimoja kimoja, mpaka akasinzia.