Breki Hazifeli Ghafla

Katika taarifa za ajali nchini mwetu kuna kauli iliyokwisha kuzoeleka kiasi cha kutohojiwa tena: chanzo ni kufeli kwa breki. Sarufi ya kauli hii ni ya kustaajabisha, kwa kuwa mtenda ndani yake ni chuma. Hayumo mmiliki, hayumo muuza spea, hayumo mkaguzi. Breki zimefeli, kama mvua inavyonyesha. Ndugu msomaji, tangu nilipoamua kuboresha pedi za breki za gari langu nimeshindwa kuikubali kauli hiyo, na leo nataka kueleza kwa nini.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, lililotumika Japani kabla ya kunifikia. Baadhi ya wanafunzi wangu huona si gari la mhadhiri. Waliofuatilia mashindano ya Safari Rally mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda nchini Kenya akiendesha Impreza, watanielewa. Hata hivyo, sikubadili pedi kwa ajili ya mbwembwe. Mara kadhaa kwa mwaka husafiri kati ya Dar es Salaam na Iringa. Niendapo naupanda Mlima Kitonga, nirudipo nauteremka, na katika mteremko ule mtu hujifunza haraka breki ni nini.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Pedi huibana diski, msuguano ukazaliwa, na nishati yote iliyokuwa ikilisukuma gari ikatoka kama moto. Gari likienda kilomita 100 kwa saa huwa na nishati ya mwendo mara nne ya ile liliyo nayo likienda kilomita 50. Joto likizidi uwezo wa pedi, msuguano hupungua: unakanyaga kwa nguvu na gari halishiki. Mafuta ya breki nayo yakichemka, pedeli huzama hadi chini. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya kiwango cha chini kinachotakiwa huwa nyuzi 155 tu. Wakazi wa pwani tunaufahamu unyevu wetu.

Nilimwendea fundi wangu nikiuliza kuhusu pedi za mashindano. Akatikisa kichwa. “Mwalimu, zile hukamata vizuri zikishapata moto. Asubuhi unatoka nyumbani, mtoto anakatiza barabara, pedi bado za baridi. Utafanyaje?” Kisha akainama kutazama matairi, akasema breki husimamisha gurudumu, ila tairi ndilo linalosimamisha gari. Tukakubaliana juu ya pedi za barabarani zinazostahimili joto kubwa kuliko zile za awali, pamoja na mafuta mapya. Baada ya kuzifunga tulitafuta barabara tulivu tukazizoesha: kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha kuziacha zipoe, ili pedi na diski zishikane sawasawa.

Jambo lililonifikirisha zaidi, hata hivyo, lilitokea dukani Gerezani. Muuzaji aliweka mezani maboksi mawili yenye jina lile lile, rangi zile zile na namba ile ile, lakini bei zikiwa mbali kama mbingu na ardhi. Akaniuliza kwa upole: “Unataka yenyewe au hii nyingine?” Hakunificha kitu. Ni uaminifu wa ajabu wa soko ambamo bidhaa bandia ina rafu yake na bei yake.

Si kwamba ulimwengu haujui la kufanya. Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa inataka utendaji wa pedi mbadala usitofautiane na wa zile za asili kwa zaidi ya asilimia 15. Hapa nyumbani tuna Shirika la Viwango na tuna Tume ya Ushindani. Lakini pale dukani mkaguzi pekee alikuwa mimi, mwenye mshahara, muda na uwezo wa kusoma maandishi madogo ya Kiingereza kwenye boksi.

Sasa mfikirie dereva wa daladala anayedaiwa hesabu ya siku. Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu usafiri wa Dar es Salaam, ameonyesha jinsi madereva hawa wanavyofanya kazi bila mikataba, huku wakibebeshwa hatari ambayo ingepaswa kubebwa na mmiliki. Kwa dereva huyo, siku ya gari kulala gereji ni siku isiyo na hesabu. Atanunua “hii nyingine”, au atasubiri wiki moja zaidi, na mwenye kumlaumu aanze kwanza kwa kumlipa.

Hapo ndipo uboreshaji wangu unapofikia ukomo. Kule Kitonga, pedi zangu haziwezi kulisimamisha lori lililo nyuma yangu. Tabaka letu limezoea kujinunulia maji, umeme, shule na ulinzi, lakini barabara inakataa: usalama wake haununuliwi rejareja.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi, na huisha kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kuna muda wa kutosha wa kuiona ikiisha. Kwa hiyo, kila inapotangazwa kwamba breki zimefeli, tudai taarifa kamili: pedi zilikuwa na unene gani, zilinunuliwa wapi, nani alimiliki gari, nani alilikagua kwa mara ya mwisho, na je, alifungua gurudumu au alibandika stika tu? Wanafunzi na wanaharakati wanaweza kuyauliza maswali hayo. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua majibu yake yako katika faili lipi.