Wimbo Uliochelewa

Mitunguu ni soko la ndizi. Msafiri atokaye Nkubu huuacha ubaridi na mikahawa nyuma yake, akateremka, na muda si muda akalakiwa na joto, vumbi na migomba iliyopangwa safu kwa safu. Migomba hiyo haingoji mvua. Hunyweshwa maji ya mto Thingithu, yaletwayo kwa mabomba ya mradi wa umwagiliaji ulioanza katika miaka ya 1980. Kila mkulima ana zamu yake ya maji, na aikosaye zamu hana wa kumlaumu.

Katika mwaka wa 2022, mwalimu mmoja mstaafu aliikosa zamu yake mara tatu. Mara zote tatu alikuwa chumbani, amelala chali nyuma ya sanduku kubwa la mbao, vioo na kromu, tochi ameibana kwa meno. Mkewe alimwita, akaitika, wala hakutoka. Migomba ikasinyaa.

Sanduku hilo lilikuwa mashine ya santuri, ile ambayo walevi wa zamani waliiita jukiboksi. Mteja alitumbukiza sarafu, akabonyeza herufi na nambari, mkono wa chuma ukaichagua santuri aliyoitaka miongoni mwa nyingi, ukailaza, sindano ikashuka. Ni ndugu wa zile mashine za kuchezea gololi ya chuma. Koo zote mbili zilikulia katika viwanda vya Chicago, na mwaka wa 1964 kampuni ya Seeburg, iliyounda mashine za santuri, iliinunua Williams, iliyounda za gololi. Ukizifungua utakuta matumbo yaleyale: koili, relei, swichi ndogondogo kama vidole vya mtoto, na waya zisizohesabika.

Mwalimu aliinunua katika baa moja ya Nkubu iliyofungwa pamoja na nyingine zote wakati wa korona mwaka wa 2020, isifunguliwe tena. Bei ilikuwa ya mbuzi wawili. Ilishuka Mitunguu ndani ya lori lililokuwa likirudi tupu kuchukua ndizi, imefunikwa kwa majani makavu ya migomba. Lori lilipoingia uani, mama yake Mwalimu, bibi wa miaka themanini hivi, alisimama kwenye mlango wa jiko akaitazama. Alisema kwa Kimeru maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya:

“Umemleta aliyekula karo yako.”

Kisha akarudi jikoni, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hakukanyaga chumba kile.

Hakuwa akitia chumvi. Katika miaka ya 1970 familia hiyo iliishi juu, karibu na Nkubu, na marehemu mumewe alikuwa karani katika chama cha ushirika cha kahawa. Siku ya mshahara alipitia baa, na baa ilikuwa na jenereta, na jenereta iliendesha mashine. Shilingi moja ilifuata nyingine. Mwalimu alipata nafasi ya Kidato cha Kwanza Januari 1976, lakini aliingia darasani Januari 1977, mwaka mzima baada ya wenzake. Ni kwa nini basi mtu aende kuikomboa mashine kama hiyo kwa pesa zake mwenyewe? Mwanawe mkubwa alimuuliza swali hilo, naye akajibu kwamba alitaka kuona ndani mna nini. Jibu hilo ni dogo, lakini huenda ndilo la kweli.

Ndani mlikuwa na kiota cha panya, kutu, na mchwa waliokuwa wameanza kula ubao wa chini. Ubao ulibadilishwa, ukapigwa msasa na vanishi. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Kipaza sauti kilikuwa cha valvu, na vitu vya valvu vina hila: umeme wa volti mia kadhaa hubaki umejificha ndani ya kapasita hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mwalimu alilijua hilo baada ya kurushwa hadi kwenye mlango. Tangu hapo kila alipoanza kazi aliunyonya kwanza umeme huo kwa rezista, kama mtu akamuaye jipu. Kapasita zote za zamani zilikuwa zimekauka. Alizipata mpya katika barabara ya Luthuli, Nairobi, akazilehemu moja baada ya nyingine. Mwanawe alimshauri ayatupe matumbo yote, atie redio ndogo ya kusoma flashi, auze sanduku kwa wenye klabu za mjini Meru. Mwalimu hakumjibu.

Katika njia ya sarafu alikuta shilingi kumi na saba zimekwama, zote za picha ya Jomo Kenyatta, ya kwanza ya mwaka wa 1966 na ya mwisho ya 1978. Alizitia katika kopo tupu la Kimbo.

Siku mashine ilipotoa sauti, santuri iliyokuwa juu ya sahani ilikuwa “Lunch Time” ya Gabriel Omolo, wimbo wa Kiswahili wa miaka ya mapema ya 1970 kuhusu jinsi wafanyakazi wa mjini wapitishavyo saa yao ya chakula cha mchana. Mwalimu alifurahi, akaita jirani, akaita wajukuu. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nzito kidogo, na Mwalimu akaona ndivyo vitu vya kale vilivyo.

Hapo ndipo sauti ilipotoka jikoni: “Wimbo huo unakokotwa. Yule mtu hakuimba hivyo.”

Na kusikika kofi juu ya kifuniko cha sufuria, pa, pa, pa, likipiga mwendo ulio wa kasi zaidi.

Mwalimu alibandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, akahesabu mizunguko kwa saa ya mkononi. Santuri ile hutakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika. Ilizunguka mara 37 na nusu hivi. Alikaa na kalamu mpaka akaipata sababu: umeme wa Marekani hupigapiga mara 60 kwa sekunde, wa Kenya mara 50, na mota ya aina hiyo huufuata umeme kama mbuzi afuatavyo kamba. Mashine zilizoletwa huku zilivishwa kipete kwenye mhimili wa mota ili kuunenepesha na kufidia upungufu huo. Kipete cha hii kilikuwa kimepotea.

Lakini swali kubwa halikuwa la mota. Alimwendea mama yake jikoni akamuuliza amejuaje.

Bibi alieleza huku akimenya ndizi. Mwanamke mwenye heshima zake hakuingia baa, kwa hiyo yeye alisimama barazani, mtoto mchanga mgongoni, akingoja mumewe atoke kabla mshahara haujaisha. Alingoja miezi mingi. Nyimbo zilipita ukutani. Hakuwahi kwenda shule, na kanisani walisali kwa Kimeru. Kiswahili chake, hiki anachowauzia nacho ndizi wachuuzi wa Nairobi, alikiokota pale barazani, neno kwa neno, usiku. Wataalamu wetu wameandika sana kuhusu Kiswahili kuingia bara kupitia misafara, jeshi, shule na redio. Baraza la baa na mwanamke aliyesimama nje bado havijapata sura yake.

Fundi wa kukereza vyuma mjini Nkubu, ambaye riziki yake ni vipuri vya pampu za maji, alitengeneza kipete cha shaba. Cha kwanza kilikuwa kinene mno, na mwimbaji akawa kama mtu anayefukuzwa. Cha pili kiliyumba. Cha tatu kiliunenepesha mhimili kwa sehemu moja ya tano barabara, na karatasi ikapita mara 45.

Jioni hiyo bibi aliingia. Mwalimu alitaka kubonyeza swichi ya ndani ili wimbo uchezwe bila malipo, akakatazwa. Bibi alitoa shilingi yake ya leo, ile ndogo yenye twiga, akaitumbukiza. Ikapita moja kwa moja na kuanguka katika kikombe cha chini. Akaijaribu tena. Ikaanguka tena.

Mwalimu akamletea kopo la Kimbo. Bibi alizimwaga sarafu mkekani, akazihesabu polepole, akachagua moja na kuitia. Mkono wa chuma ulinyanyuka. Yeye akazikusanya zile kumi na sita, akazifunga katika pindo la leso yake, akatoka kabla ya wimbo kwisha.

Tangu siku hiyo Mwalimu akitaka kusikiliza santuri hana budi kwenda jikoni kuomba shilingi. Hupewa moja, na kabla ya kulala sharti aifungue mashine, aitoe, airudishe.