Walimu na Watumishi wa Makumira

Wengi wenu mwamjua mchungaji wenu, na jina la chuo alichosomea mmelisikia mara nyingi; lakini waliopata kwenda kupaona mahali penyewe ni wachache. Basi, kwa kuwa safari ilitupitisha njia ile, tumeona yafaa kuwaandikia habari za Makumira, na hasa habari za watu waliofanya kazi pale, kwa maana majengo mtu aweza kuyaona katika picha.

Atokaye Moshi kwenda Arusha hupita Kikatiti na Maji ya Chai, kisha Usa River, na kabla hajafika Tengeru amekwisha fika Makumira. Nchi ni ya rutuba, yenye migomba na kahawa, na mito yake yateremka kutoka Mlima Meru. Si mbali na hapo ni Akeri, ambapo mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Majina ya wale wawili yasomwa katika vitabu. Tulipouliza majina ya wale Wachaga, kati ya watu watano tuliokutana nao njiani hakuna aliyeweza kutaja hata moja. Neno hili lilitukaa moyoni, na kwa ajili yake tulipofika chuoni tuliomba kuonana na wapishi na watunza bustani vilevile, si na maprofesa peke yao.

Chuo hiki hakikuzaliwa Makumira. Vita ya pili ya dunia ilipoanza mwaka wa 1939, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika vituo vyao wakawekwa kizuizini, na kazi ikabaki mikononi mwa wachungaji na walimu wenyeji, wakisaidiwa na Waamerika wa Augustana na Waswidi. Walikuwa wachache, na sharika zilikuwa nyingi. Ndipo mwaka wa 1947 shule ya theolojia ikafunguliwa Lwandai, huko Mlalo katika milima ya Usambara, mahali ambapo misioni ya Bethel ilianza kazi mwaka wa 1891. Mwaka wa 1954 shule ikahamia Makumira. Na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa moja, chuo kilikuwa kimekwisha kuwakusanya vijana wao mezani pamoja kwa miaka mingi.

Mezani twasema kwa kusudi. Mzee mmoja, aliyepata kupika katika jiko la chuo zamani, alitukaribisha nyumbani kwake akatuwekea viti chini ya mwembe. Tulimwuliza kazi ya kuwalisha watheolojia ilikuwaje. Akacheka.

“Mwalimu,” akasema, “Mhaya akitazama ugali, hunyamaza. Mnyaturu akipewa ndizi siku tatu mfululizo, naye hunyamaza. Mimi nilikuwa najua nani amenyamaza kwa sababu gani.”

“Basi ulifanyaje, mzee?”

“Nilibadilisha. Leo huyu, kesho yule. Na maharage kila siku, kwa sababu maharage hayana kabila.”

Tumefikiri ya kuwa mzee huyu alifundisha umoja wa Kanisa kwa sufuria kabla ya maaskofu kuuandika kwa kalamu, ijapokuwa yeye mwenyewe angetukataza kusema hivyo.

Vijana wale waliotoka Bukoba na Singida, Konde na Uzaramo, Uchagani na Usambara, hawakuwa na lugha ya mama iliyo moja. Lugha waliyokutana nayo wote ilikuwa Kiswahili. Na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo na mwalimu mmoja, kwa kuwa mlango alioufungua wengi wetu twaupitia kila Jumapili pasipo kujua.

Jina lake ni Howard Olson, Mmarekani, aliyefika nchini mwaka wa 1946 akatumika kwa miaka zaidi ya arobaini. Alisikiliza lugha ya Wanyaturu kwa bidii hata akaandika kitabu cha kitaalamu juu ya sauti na muundo wake, kikatolewa mwaka wa 1964. Kisha alifundisha Makumira. Huko aliona jambo ambalo wengine waliliona wakalipita. Wanafunzi wakiwa kanisani waliimba kwa tuni za Ulaya. Wakitoka nje waliimba nyimbo za kwao, nazo ziliwatoka kwa nguvu nyingine kabisa.

Kila msemaji wa Kiswahili ajua, ijapokuwa hakufundishwa na mtu, ya kuwa sauti hukazwa katika silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Twasema mwo-KO-zi, twasema i-MA-ni. Tuni nyingi za Ulaya zilitungwa kwa ajili ya lugha zenye maneno mafupi, na mara nyingi mstari wake huishia kwa mkazo. Basi maneno yetu yakitiwa humo, mkazo huanguka pasipo pake: mwo-ko-ZI, i-ma-NI. Twazoea, kama mtu azoeavyo kiatu kinachobana. (Wala hatusemi tuni za kale zitupwe. Twazipenda, na katika mazishi ya wazee wetu hatujui tungefanya nini bila ya hizo.) Lakini mgeni akiingia kanisani kwa mara ya kwanza, husikia lugha yake imevaa nguo ya mtu mwingine.

Bwana Olson aliwatia moyo wanafunzi walete tuni za makwao na kuzitungia maneno ya Kikristo. Mwaka wa 1966 Bernard Kyamanywa, kijana wa Kihaya aliyekuwa akisoma pale, alitunga wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya.” Mwenzake Wilson Niwagila alitunga “Njoo kwetu, Roho mwema.” Mwaka wa 1968 nyimbo za namna hii zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Tumshangilieni Mungu. Wimbo wa Kyamanywa haukubaki Makumira. Leo, katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, ni wimbo namba 116. Nao Waamerika huuimba kwa Kiingereza kilichotiwa na Olson mwenyewe. Zamani tuni zilitoka Ujerumani kuja kwetu. Hii imekwenda njia ileile, ila imegeuza uso.

Mwalimu huyohuyo aliandika kitabu kingine, Jifunze Kiyunani. Kitabu hiki chamwongoza mwanafunzi kuingia katika lugha ya Agano Jipya kwa Kiswahili, pasipo kuzunguka kwanza kwa Kiingereza. Wasomaji wasidhani ni jambo dogo. Kiyunani husema luomen, neno moja tu, nalo ni sawa na neno letu moja, “twafungua”: mtenda yumo ndani na wakati umo ndani. Mwingereza hana budi kulivunja vipande. Kwa hiyo mtoto wa Singida au wa Pare ana kitu katika kinywa chake kinachomsaidia kumwelewa Mtume Paulo, mradi apatikane mwalimu wa kumwonyesha.

Walimu wa namna hii walisafiri pande zote mbili. Mchungaji Richard Reusch, aliyetumika miaka mingi katika nchi ya Kilimanjaro na Meru, na ambaye jina lake limepewa shimo la kilele cha Kibo, alikwenda katika miaka ya 1950 kufundisha katika chuo kingine cha Kilutheri, Gustavus Adolphus, huko Minnesota. Tungependa kujua wanafunzi wake wa kule waliona nini akiwasimulia habari za Wameru kati ya theluji.

Lakini tuseme habari za sasa. Chuo kidogo cha theolojia kimekua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilifanywa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, na tangu mwaka wa 2010 huitwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Hufundishwa humo sheria, ualimu na muziki, pamoja na theolojia. Wanawake wasoma theolojia na kufundisha, na tangu miaka ya 1990 Kanisa letu hubariki wanawake kuwa wachungaji. Walimu walio wengi sasa ni wenyeji. Tulifurahi kuyaona haya yote. Hata hivyo masomo ya shahada yafundishwa kwa Kiingereza, na hapo furaha yetu ilichanganyika na swali.

Tulilileta swali hilo kwa mwalimu mmoja wa theolojia, mtu mpole, ambaye alituacha tuseme mpaka mwisho. Tulimwambia hivi: Katika sharika zetu mchungaji mmoja ana mitaa mingi. Jumapili akiwa huku, hawezi kuwa kule. Anayesimama mbele ya watu kule ni mwinjilisti, na mwinjilisti ana Biblia yake ya Kiswahili, na kitabu cha nyimbo, na daftari alilonakili alipokuwa shuleni. Mafundisho ya chuoni yakiwa kwa Kiingereza, hayana njia ya kufika katika daftari lile.

Akajibu kwa haki. Alisema kwamba tangu mwaka wa 1968 chuo kilitoa jarida la theolojia la Afrika kwa Kiingereza, na kwa jarida hilo watu wa nchi nyingine waliwasikia Waafrika wakisema wenyewe habari za Mungu, badala ya kusemewa. “Tukiandika kwa Kiswahili peke yake, Mwalimu, ndugu zetu wa Nigeria na wa Madagaska hawatatusikia.” Alisema tena kwamba vitabu vingi vya mafundisho havijafasiriwa, na mwanafunzi asiyesoma Kiingereza atabaki mlangoni pa maktaba.

Hatukuweza kumpinga. Lakini tulimwuliza, baada ya Jifunze Kiyunani, ni nani anayeandika kingine cha namna ile? Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mzigo wa walimu siku hizi ni mkubwa: madarasa yamejaa, mitihani ni mingi, na kuandika kitabu cha Kiswahili hakumpandishi mtu cheo upesi. Hilo tulilielewa, na twalileta kwenu, wazazi na washarika, kwa sababu linawahusu. Zamani mishahara ya walimu wa ng'ambo ililipwa na misioni zao. Sasa mwanafunzi hulipiwa ada na jamaa zake na usharika wake, na mwenye kutoa ana ruhusa ya kuuliza chakula kilichopikwa kwa fedha yake kitapakuliwa katika sahani gani.

Kabla ya kuondoka tulipita maktaba. Mama mmoja wa usafi alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu, akivitoa vitabu kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake bila ya kukosea. Tukamwuliza kama amepata kuvisoma. Akasema vya Kiswahili amevisoma vyote vya rafu ile ya chini, maana si vingi, naye humaliza kazi mapema.

Yule mwalimu mpole alitusindikiza mpaka barabarani. Tukingoja gari, tulimwomba jambo moja: somo moja tu, lolote analowafundisha wanafunzi wake, aliandike kwa Kiswahili kwa ajili ya wainjilisti, lisizidi kurasa nne. Akafikiri, akachagua Waraka kwa Wafilipi. Amesema litakuwa tayari baada ya mitihani, nasi tumekwisha kumwomba Mhariri atutengee nafasi katika matoleo mawili yajayo.