Makumbi ya Jambiani

Jambiani ya utoto wangu, miaka ya 1960, ilikuwa na mashamba ya aina mbili. Ya juu yalikuwa uwandani, juu ya mawe matupu, ambako mtu alipanda mtama na muhogo penye vijishimo vya udongo. Mengine yalikuwa pwani, na hayo yalikuwa ya wanawake. Siku za bamvua maji yakitoka, pwani ya mashariki ya Unguja hukauka mpaka karibu na mwamba, na hapo ndipo ilipoonekana mizingo ya mawe iliyotapakaa mchangani. Mgeni angedhani watoto walikuwa wakicheza. Kila mzingo ulikuwa shimo, na kila shimo lilikuwa na mwenyewe. La bibi yangu mzaa mama alilirithi kwa mama yake. Hapakuwa na hati wala shahidi, lakini sikupata kusikia kwamba mwanamke fulani amefukua makumbi ya mwenzake.

Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, kumbi halikutupwa. Bibi alipenda makumbi ya nazi zisizokauka sana, kwa kuwa usumba wake ni mweupe na laini, unakubali kusokotwa. Kumbi la nazi kavu hutoa nyuzi ngumu za rangi ya hudhurungi, zinazofaa zaidi brashi na vifagio. Tuliyachukua kwa mapakacha vichwani, tukayafukia, tukayagandamiza kwa mawe ili maji yasiyachukue, kisha tukayaacha. Bahari ikijaa na kutoka mara mbili kwa siku, miezi ikipita, na kule chini vijidudu vilikuwa vikila ile gundi inayoshikanisha nyuzi. Habari ya vijidudu nimeijua ukubwani. Bibi alisema tu kwamba makumbi yanaiva, na akienda kuyajaribu alivuta uzi mmoja: ukitoka wenyewe bila kung'ang'ania, kazi ianze.

Siku ya kufukua, harufu ya mayai yaliyooza ilituganda kwenye nguo, kwenye kucha, mpaka kwenye wali wa usiku. Binamu zetu waliokuja likizo kutoka mjini walikuwa wakikimbia. Sisi tulioipenda tulikuwa na sababu: harufu ile ikishapita, haikupita muda mrefu tukavaa nguo mpya za Idi.

Wanawake walikaa mchangani, miguu wameinyoosha, kila mmoja na jiwe lake mbele na rungu la mti mkononi. Kumbi huwekwa juu ya jiwe, likamenywa ngozi, likapondwa mpaka unga wake wote ukapukutika, likasuuzwa kwa maji ya bahari na kupondwa tena. Mlio wa marungu ulisikika kijiji kizima. Usumba ukianikwa ukakauka, huchambuliwa kwa vidole mpaka ukafura.

Kusokota ndiyo kazi niliyochelewa kuiweza. Bibi alichukua kishungi, akakiviringisha baina ya viganja, na kabla hakijaisha akaongeza kingine, hivyo uzi ukarefuka bila kuonyesha ulipounganishwa. Alitengeneza nyuzi mbili kwa pamoja, zote akizisokota upande mmoja, kisha akizipindanisha kwa upande wa pili. Hapo ndipo penye siri ya kamba. Kila uzi unataka kujifungua, na katika kutaka kujifungua unazidi kumkaza mwenzake. Kamba iliyosokotwa hivyo huweza kuachwa chini ukaondoka na isifumuke. Mimi nilizisokota zikawa nene hapa, nyembamba pale, na bibi hakunigombeza. Alikuwa akinishika mikono kwa nyuma, akaiendesha kwa mikono yake, na mpaka leo nikisokota naenda kwa mwendo ule ule.

Kamba zikiuzwa kwa pima, na pima ni mikono minne, yaani kadiri mtu anavyoweza kutanua mikono yake miwili. Lakini mikono ya nani? Mnunuzi mmoja aliyekuja na gari la shamba alikuwa pande la mtu, na akitanua yeye mwenyewe. Siku moja bibi alimzuia.

"Mwanangu, hiyo pima yako imenizidi."

"Bibi, pima ni pima."

"Basi nipime mimi, uchukue wewe."

Wanawake wote wakaacha kuponda. Mzee mmoja aliyekuwa akishona dema chini ya mkungu akaitwa, ikakatwa fito kwa mikono minne ya mtu wa kiasi, na tangu siku ile kamba zikapimwa kwa fito. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa nimeona jambo kubwa. Fedha za kamba hazikuombwa kwa mume wala kwa kaka. Ziliingia kwenye pindo la kanga, zikatoka kwenda kwenye upatu, na upatu ndio ulionunua masufuria na vitanda, ukamlipia mgonjwa nauli ya kwenda mjini.

Na kamba zenyewe zilikuwa kila mahali. Fito na boriti za nyumba zilifungwa kwa kamba za makumbi, na makuti yakashikwa kwazo juu ya paa. Vitanda vilitandwa kamba. Ngalawa na mashua zilifungwa nanga kwazo, kwa kuwa usumba hauogopi chumvi na hunyumbuka kidogo wimbi likivuta. Zamani zaidi, mitepe ya upande wa Lamu ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba hizi, bila msumari wa chuma. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye aliishi visiwa vya Maldivi, akaeleza makumbi yanavyowekwa kwenye mashimo ufukweni, yakapondwa, kisha wanawake wakayasokota, na jinsi kamba zile zilivyoshona majahazi na kuuzwa mpaka India, China na Yemen. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona bibi yangu ndani yake.

Mwaka 2003 mtepe wa kuigiza uliundwa na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib mjini Unguja. Nilikwenda kuutazama kabla jengo halijaporomoka upande mmoja mwaka 2020. Waliokuwa karibu nami walizungumza juu ya mafundi na manahodha, na mafundi wanastahili. Mimi nilitazama mishono. Nilijaribu kukisia chombo kile kimemeza pima ngapi, na viganja vingapi, na nikaumia kwamba tunapousimulia ubaharia wetu tunaanzia ubao ulipokutana na maji, kama kwamba kamba iliota mtini.

Nailoni ilikuwa imeshatuingilia zamani. Kisha mwaka 1989 kilimo cha mwani kikaanza pwani yetu. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, na makumbi huchukua miezi. Mama mwenye watoto wa kusomesha hakuhitaji kufikiri sana. Siwalaumu, nami nililima. Tulichomeka vigingi pale pale palipokuwa na mashimo, tukafunga mwani kwa taitai za nailoni, na makumbi tukayafanya kuni.

Shimo la bibi halikuchomekwa kigingi. Mawe yake yalikuwa yamezama mchangani, tukayatafuta kwa miguu, mimi na binti wa dada yangu, aliyepata wajenzi wa paa za makuti wanaotaka kamba za makumbi na si nailoni. Tumefukia kaskazi hii. Yakiiva tutayafukua bamvua la kusi, na wajukuu nimeshawaambia waje na nguo wasizozionea huruma.